Pazia la Gari Dogo

Nabiswa alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaisha. Alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha plastiki kule Viwandani, akitoka saa kumi na mbili asubuhi macho yamemwiva. Na kila Jumanne na Ijumaa, badala ya kwenda kitandani kama binadamu wengine, alipitia nyumbani mtaa wa Tena, akanywa chai ya rangi amesimama, kisha akampeleka mama mkwe wake hospitali kusafishwa damu. Figo za mama zilikataa kazi mwaka uliopita, ndipo akaletwa Nairobi kutoka Bungoma. Bila ile mashine mara mbili kwa wiki, daktari alisema bila kuzunguka, mama asingemaliza mwezi.

Sasa gari. Lo, lile gari! Lilikuwa kuukuu, refu, la viti saba katika safu tatu, alilolinunua enzi zile mtu alipoweza kuingia kituo cha petroli bila kwanza kushauriana na mkewe. Lilikunywa mafuta bila haya. Lita moja, kilomita sita, tena barabara ikiwa wazi. Foleni ya barabara ya Outering ikishika, hata hizo hupati. Kila tarehe kumi na nne ya mwezi, saa ya kutangazwa bei mpya ikikaribia, Nabiswa alikuwa akizima redio, kana kwamba asiposikia haitapanda.

Na usiniulize kwa nini mama hakupandishwa matatu. Mtu akitoka kwenye ile mashine miguu haina kitu, kichwa kinazunguka, halafu umwambie apande ngazi huku utingo akigonga bodi? Teksi ya simu nayo, kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki, ni ya watu wengine.

Basi Ijumaa moja mafuta hayakutosha, na mshahara ulikuwa bado siku nne. Wakairuka siku hiyo ya mashine. Ni mara moja tu, waliambiana, yeye na mkewe Nafula. Kufikia Jumapili miguu ya mama ilikuwa imefura viatu haviingii, na alikuwa akilala ameketi ili apate pumzi. Jumanne walipofika, muuguzi aliitazama ile miguu, akamtazama Nabiswa, akasema kwa sauti ya chini, "Mkiruka nyingine, msishangae."

Jioni hiyo Nafula alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua. Yeye alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba Gikomba, na lazima awe pale alfajiri bale la nguo likifunguliwa, la sivyo anabakiziwa matambara. Ndiyo maana kazi ya hospitali ilimwangukia mumewe. "Baba Owen," akasema, "hili gari ama litengenezwe ama liende. Mwezi huu. Mama yangu hatakufa kwa sababu ya petroli."

"Nimesikia," Nabiswa akasema.

Kesho yake akalipeleka kwa Johnson, fundi wa pale kando ya barabara, ambaye gereji yake ni mti mmoja, matairi manne na kelele nyingi. Johnson alifungua boneti, akaguna, akafunga.

"Boss, hii nilishabadilisha plagi, nikasafisha kila kitu. Haina ugonjwa. Hii ni njaa tu, ilizaliwa nayo." Akajipangusa mikono kwenye ovaroli iliyokuwa chafu kuliko hiyo mikono. "Uko na njia mbili. Moja, tuiwekee gesi. Utatumia karibu nusu ya pesa unatumia saa hii. Mtungi tunaufunga huku nyuma, tunatoa kile kiti cha mwisho."

"Kiti cha mwisho hakitoki," Nabiswa akasema.

"Haya, ya pili. Uza. Kuna mama wa shule ya chekechea anatafuta gari ya kubeba watoto, hii atachukua hata leo. Wewe unachukua kale ka Mwalimu Wacuka, si anahamia Nyeri? Injini elfu moja tu. Lita moja kilomita kumi na sita, kumi na saba. Barabara kuu hata ishirini. Mtu mmoja, mgonjwa mmoja, unataka viti saba vya nini?"

Ungemweleza vipi Johnson? Kwao Nabiswa, mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono. Hawaketi karibu, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Si chuki, usije ukaelewa vibaya. Ni heshima, na heshima hiyo inapimwa kwa umbali. Tangu amwoe Nafula, miaka kumi na tisa, Nabiswa hakuwahi kumsogelea yule mama kwa hatua tatu. Ndani ya gari, mama alikaa safu ya nyuma kabisa, pembeni, safu ya katikati ikabaki tupu kati yao. Kioo cha ndani Nabiswa alikigeuza kikatazama dari. Mama akiwa na shida hakumtaja jina wala hakumsemesha. Alisema na gari. "Kuna baridi humu," aliliambia dirisha, na Nabiswa akalifunga bila kujibu. Hospitalini muuguzi ndiye aliyekuja kumshika mkono mama akashuka, huku mkwe mtu amesimama kule karibu na ua, anatazama miti.

"Mama mkwe wangu hukaa pale nyuma," akasema mwishowe.

"Si hata kwa hako kadogo atakaa nyuma?"

"Nyuma ya nani?"

Johnson alifikiri kidogo, kisha akaelewa, akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Wacha! Ati unachoma petroli ya viti saba ndiyo mama mkwe asikae karibu na wewe? Haki nyinyi watu wa magharibi mtanimaliza!"

Nabiswa hakukasirika. Alikuwa amechoka mno kukasirika. Alienda kwa Mwalimu Wacuka, akasalimia, akaomba kulitazama gari, halafu, mtu mzima na ndevu zake, akatoa futi ya kupimia na kupima kutoka kiti cha dereva mpaka kiti cha nyuma. Sentimita sabini na tano. Akapima tena, akiingiza tumbo ndani, kana kwamba tumbo ndilo lililokuwa likipunguza. Sabini na tano. Mwalimu Wacuka alimtazama kupitia dirisha la jikoni akaona heri asiulize.

Siku hiyo akampigia simu baba yake mdogo, mzee Wabwire, kule Kimilili. Alitarajia mzee amwambie zamani zimepita, endesha gari, okoa mtu. Hakuna! Mzee Wabwire alikohoa kwa muda wa kutosha kumaliza salio, akauliza, "Huyo mama yako mkwe ana nyumba ya pazia?"

"Pazia gani, Baba?"

"Nyumbani kwenu mkiwa sebuleni na yeye yuko chumbani, si kuna pazia mlangoni? Na mnakaa nyumba moja mwaka mzima. Nani amewahi kuwalaumu? Weka pazia."

"Ndani ya gari?"

"Kwani gari si nyumba? Ina milango." Na simu ikakatika.

Ukicheka, cheka. Nabiswa hakucheka. Alikaa kitandani, simu mkononi, akaona kwamba hilo ndilo wazo pekee alilopewa mwezi mzima ambalo angeweza kulitekeleza bila kuua mtu na bila kumvunjia mtu heshima. Gari kubwa likaenda kwa mama wa chekechea. La Mwalimu Wacuka likaja. Johnson alifunga waya nyuma ya viti vya mbele, huku akitikisa kichwa na kusema katika maisha yake ameshabadilisha magari kwa kila namna, lakini hii hapana. Nafula akaleta kitambaa kizito chenye maua mekundu kutoka Gikomba. Kikatundikwa. Mwalimu Wacuka, alipokiona, alisema gari lake sasa limekuwa chumba cha wageni.

Jumanne ya kwanza Nabiswa alitangulia kuketi, uso mbele, mikono kwenye usukani. Nafula, ambaye siku hiyo alichelewa kazini makusudi, alimwingiza mama nyuma na kuvuta pazia. Wakaondoka. Kufika Donholm askari wa trafiki akawasimamisha, akainama dirishani, akaliona lile pazia la maua mekundu.

"Umebeba nani huko nyuma? Waziri?"

"Mama mkwe, afande. Ni mgonjwa."

Askari yule alikuwa na sura ya watu wa kwao Nabiswa. Alisimama wima, akarudi nyuma hatua mbili, na bila kuchungulia akawapungia mkono wapite. Hapo kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi Nabiswa alijisikia kutabasamu.

Foleni ikawashika mbele kidogo. Injini ndogo ilinong'ona tu. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, karibu sana, nusura Nabiswa aguse honi.

"Mwenye gari."

"Naam, Mama."

Amejibu! Miaka kumi na tisa, na hilo ndilo neno la kwanza alilomjibu uso kwa uso, ila uso haukuwapo.

"Leo hatujasimama kununua mafuta."

"Bado yapo, Mama. Yatatufikisha hata Ijumaa."

"Mafuta yaleyale?"

"Yaleyale."

Mama akatoa sauti ya mshangao kooni. Baadaye kidogo akauliza, "Na wewe hulala saa ngapi?"

"Nalala vizuri, Mama."

"Mwongo. Nimekusikia ukipiga miayo tangu Tena."

Ndivyo ilivyoanza. Kwenye gari kubwa, na nafasi yote ile, hawakuwa na la kuambiana. Hapa, sentimita sabini na tano na kitambaa cha mtumba katikati, mama akafunguka kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake. Alimwambia jinsi Nafula alivyozaliwa mvua ikinyesha na mkunga akakwama ng'ambo ya mto. Alimwambia kuwa siku Nabiswa alipokuja kuchumbia, yeye alimchungulia kutoka jikoni, akaona suruali yake imeachia mshono nyuma, akacheka hadi akamwaga uji. "Hukujua?" aliuliza. Nabiswa alicheka kwa nguvu, mwenye pikipiki akamgeukia na kumtukana. Zikaja Jumanne nyingine na Ijumaa nyingine. Hawakuruka hata moja. Miezi miwili hiyo, akitoka kiwandani macho yanawasha, Nabiswa alijikuta anaharakisha kufika nyumbani. Alipenda zile safari. Hakumwambia mtu, maana ungeanzia wapi?

Halafu ikaja Jumanne moja, wakirudi. Nabiswa alidhani mama amelala. Walipokaribia mzunguko akasikia:

"Mwenye gari. Kutoka hapa mpaka Bungoma, haka kanakunywa kiasi gani?"

Swali hilo Nabiswa angelijibu hata usingizini. Alikapenda kale ka-gari kwa jinsi kalivyomwondolea aibu, na alikasifu kwa yeyote aliyesimama kusikiliza. "Bungoma, Mama? Tangi moja tu! Unafika, na unabakisha ya kwenda sokoni na kurudi. Lile kubwa lingekunywa mara mbili, na bado lingekuacha Nakuru."

"Basi nipeleke," mama akasema. "Ijumaa."

"Ijumaa ni siku ya mashine, Mama. Labda Jumamosi twende, turudi Jumatatu—"

"Sijasema turudi."

Lori lilikuwa nyuma yao likipiga honi. Nabiswa akasogeza gari, akaliingiza kando, akazima.

"Kuna mashine hata Bungoma," akasema. "Tunaweza kuuliza."

"Hata ya Bungoma sitaki. Sikiliza, mwanangu. Nikitoka kwenye ile mashine nalala siku nzima. Nikipata nguvu ya kula, ni siku ya kurudi tena. Nimehesabu maisha yangu yaliyobaki nikaona yote ni barabara hii. Nimechoka. Nataka nikae nje ya nyumba yangu, nifukuze kuku, siku ziwe ngapi ziwe."

Kitu cha kwanza Nabiswa alichohisi kilikuwa nafuu. Tuseme ukweli. Aliona asubuhi zake zikiwa tupu, aliona kitanda, aliona Jumanne ya kulala mpaka adhuhuri. Sekunde moja tu. Kisha aibu ikampanda, na nyuma yake uchungu, kwa sababu aligundua kwamba hakutaka yule mama aende. Alimpenda. Mama mkwe wake! Mtu ambaye hata sasa, akiulizwa, asingeweza kusema macho yake yana rangi gani.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akauliza. "Mwambie Nafula."

"Nafula nikimwambia atalia. Na mimi nikimwona akilia nitakubali kukaa. Nimeshajaribu mara tatu, kila mara nikimtazama usoni nashindwa." Akavuta pumzi. "Wewe sikuoni. Kwa hivyo naweza."

Jioni hiyo, kabla ya kwenda kazini, akiwa tayari na ovaroli yake, Nabiswa alimwambia mkewe jikoni. Mama hakuwa amemkataza, na hata angemkataza, kumficha mtu habari ya mamake mzazi ni jambo asiloliweza. Nafula alisikiliza mwiko mkononi. Kisha akautupa kwenye sinki.

"Ni hako ka-gari!" akapiga kelele. "Ni hako ka-gari kako! Ungebaki na lile kubwa angekaa kule nyuma na mawazo yake, angenyamaza, angeendelea kuishi! Nilikutuma upunguze petroli, Baba Owen. Nilikutuma petroli tu!"

Nayo ilikuwa kweli. Nafula akaingia chumbani kwa mama na kufunga mlango. Nabiswa akaketi sebuleni. Alisikia Kibukusu kikipanda, kikishuka, sauti ya mkewe ikikatika, sauti ya mama ikiwa ileile tu, tulivu, ya mtu anayepanga safari. Saa ya kuingia zamu ikafika, ikapita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kukosa kazi, na hakuinuka hata kupiga simu.

Nafula alipotoka uso ulikuwa umefura. Aliketi karibu na mumewe, akaegemea bega lake kwa uzito wote.

"Amesema ni Ijumaa."

"Ndiyo."

"Nami naenda. Nitakaa naye nyuma. Nitabaki naye." Akajifuta pua kwa kanga. "Nimemwambia tutoe hilo pazia, safari ni ndefu, apate hewa. Amekataa. Ati amelizoea. Ati kuna mambo bado hajamaliza kukuambia."

Hapo Nabiswa akainamisha kichwa, na mkewe akamshika mkono, wakakaa hivyo.

Ijumaa walitoka saa kumi na moja alfajiri. Mama alivaa rinda lake la kanisani na kitambaa cheupe. Kwenye kituo cha petroli kijana wa pampu, aliyemjua Nabiswa kwa mafuta ya mia tano mia tano, akanyoosha mkono kwenye kifuniko. "Ya ngapi leo, mzee?"

"Jaza."

"Jaza?"

"Jaza, bwana."

Pampu ikanguruma kwa muda mrefu. Ilipokata, kijana akasoma tarakimu kwa sauti, na hazikufika hata elfu saba.

"Hiyo ndiyo ya kufika nyumbani?" mama akauliza nyuma ya pazia.

"Hiyo, Mama. Na nyingine itabaki."

"Hiyo tu? Na mimi mwaka mzima nimenyamaza. Nilikuwa nasikia mkilalamika petroli ya kwenda hospitali tu, nikasema Bungoma je? Nikiwaambia mnipeleke nitawamaliza. Kumbe ni hiyo tu."

Nabiswa alilia palepale kwenye pampu, mikono juu ya usukani, mabega yakimtikisika, kijana wa watu amesimama dirishani akisubiri malipo na hajui atazame wapi. Alilia kwa zile Jumanne zote. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ni Nafula aliyepitisha noti za mafuta pembeni mwa pazia, zimekunjwa vizuri, akampa kijana.

"Twende, Baba Owen," akasema, "kabla foleni ya Kangemi haijafungana."